Kadhi wa nyumbani na hasira zake

Ndugu msomaji, leo tumekusudia kuzungumza na wazazi kuhusu yale yanayopita ndani ya nyoyo zao wanapokuwa na watoto wao. Tutaanza na nafsi yetu, kwani si uungwana kuanika nguo za jirani ilhali za kwako umezificha uvunguni.

Mwaka 2011, mvua za vuli zikiwa zimeanza jijini Dar es Salaam, tulirejea nyumbani jioni moja tukiwa tumechoka mwili na roho. Siku nzima tulikuwa katika ofisi moja tukifuatilia malipo yetu ya haki, yaliyokwisha kucheleweshwa kwa miezi. Kijana mmoja, ambaye kwa umri wake angeweza kuwa mwanafunzi wetu, alitujibu bila ya kuinua macho kwamba faili halionekani, turudi wiki ijayo. Tukasema ahsante. Naam, tulisema ahsante, tukatoka taratibu. Kisha tukasimama ndani ya daladala zaidi ya saa mbili kwa sababu ya foleni. Tulipofika nyumbani Magharibi ilikuwa imekwisha kuadhiniwa, na mwanetu wa miaka 11, aliyetumwa dukani kununua sukari, hakuwa amerudi.

Alirudi Isha ikikaribia, nguo zimelowa. Hatukumuuliza alikokuwa. Tulimchapa fimbo ambazo hatukuzihesabu, huku tukimwambia kwamba hana adabu na kwamba hajali swala. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Siku ya tatu yake, muadhini wa msikiti wa mtaa wa pili alitusimamisha njiani akitaka kumsifu yule kijana. Akatueleza kwamba siku ile ya mvua adhana ilimkuta njiani, akaingia kuswali, kisha akabaki na wazee kufagia maji yaliyokuwa yakiingia msikitini. Tulimpiga mtoto kwa kupuuza swala, naye alikuwa anatoka kuswali.

Msomaji atasema kosa letu lilikuwa kutouliza. Ni kweli, na tutalirudia hilo. Lakini lipo kosa lililolitangulia. Usiku ule ule, watoto walipokwisha kulala, mama watoto alituambia kwa upole kwamba kabla mtoto hajarudi tulikwenda mlangoni mara nyingi kutazama barabarani, na kwamba kila pikipiki ilipopita tuliinua kichwa. Wiki ile mtoto wa jirani alikuwa amegongwa na bodaboda, akavunjika mguu. Mama watoto alikuwa ameiona hofu yetu, na sisi wenye hofu hatukuiona. Tukafikiri tuna hasira, basi, tena hasira kwa ajili ya dini ya Mwenyezi Mungu! Ukweli ni kwamba tulikuwa na unyonge wa ofisini, uchovu wa njiani na hofu ya bodaboda, na vyote vitatu vilitoka kwa mlango mmoja, mlango wa fimbo.

Jambo hili wanazuoni wetu walilichambua zamani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake mashuhuri cha Ihya ameweka mlango mzima wa kuzungumzia hasira na vinavyozaliwa nayo. Anaieleza hasira kuwa ni kuchemka kwa damu ya moyo, kisha anatoa tofauti ambayo kila mzazi anapaswa kuizingatia. Mtu akikasirishwa na aliye chini yake, ambaye anao uwezo juu yake, damu hutanuka na kupanda usoni, akawa mwekundu. Akikasirishwa na aliye juu yake, ambaye hana tamaa ya kumlipiza, damu hurudi ndani, hujikunja moyoni na kugeuka huzuni, na rangi yake hupauka. Na akikasirishwa na aliye sawa naye, hubaki baina ya hali mbili hizo, mara hivi mara vile.

Madaktari wa leo hawaelezi mwendo wa damu kwa namna hiyo, nasi hatuwabishii. Lakini tabia ya binadamu aliyoieleza Imamu huyu haijabadilika hata chembe. Mbele ya yule kijana wa ofisini tulipauka tukasema ahsante. Mbele ya mtoto wa miaka 11 damu ikapanda. Ghazali anaongeza kwamba hasira iliyozuiwa kwa kushindwa kulipiza haipotei, bali huingia ndani na kuwa kinyongo. Sisi tunaongeza, kwa tulivyojionea, kwamba kinyongo hicho huwa hakichagui pa kutokea. Hutafuta aliye dhaifu, na hakuna aliye dhaifu zaidi nyumbani kuliko mtoto, kwa sababu mtoto hana pa kukimbilia isipokuwa kwa yule yule anayempiga.

Tusidhani kwamba Imamu Ghazali alitaka tuwe watu wasiokasirika kabisa. La hasha. Asiyekasirika kamwe, kwake yeye, ana upungufu, kwani huenda akaona mambo yanaharibika nyumbani mwake naye akabaki kutabasamu. Anachokitaka ni wastani. Lakini ndugu msomaji, utaipimaje hasira yako iwe ya wastani ikiwa hata hujui kama ni hasira?

Hebu tuitazame lugha yetu. Kiswahili hakikutunyima maneno. Tunayo hasira na ghadhabu, tunayo hamaki, tunayo kero. Tunayo huzuni, simanzi, majonzi na jitimai. Tunayo hofu na wasiwasi, na tunasema roho yangu iko juu. Tunayo haya, ambayo ni pambo la Muislamu, na tunayo aibu, na tunayo fedheha ambayo ni jambo jingine kabisa. Na tunalo neno moja la ajabu, uchungu. Mwanamke akiwa anajifungua tunasema yuko katika uchungu. Mtu aliyedhulumiwa ana uchungu. Na mzazi ampendaye mwanawe kiasi cha kutolala tunasema ana uchungu naye, na wazee wakanena kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mapenzi, maumivu na ghadhabu vimekaa chumba kimoja. Labda ndiyo maana huwa vigumu kwetu kujua nani ametoka nje tunaposikia mlango umefunguliwa.

Pamoja na utajiri huo wote, baba wengi nyumbani wana neno moja tu, "Nimekasirika", na wengine hata hilo hawalisemi, huonekana tu. Baba akisikitika hukasirika. Akiogopa hukasirika. Akiaibika hukasirika zaidi. Tumelelewa kuamini kwamba hofu na huzuni havimfai mwanamume, ila hasira imeruhusiwa, na kwa hiyo kila kinachotaka kutoka huvalishwa kanzu ya hasira.

Lakini angalieni, Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuwa hivyo. Katika Surat Yusuf, aya ya 13, Nabii Yaaqub (A.S.) anapoombwa na wanawe wamchukue Yusuf kwenda malishoni, anawajibu kwa kutaja mambo mawili. La kwanza, kwamba kuondoka naye kutamhuzunisha. La pili, kwamba anachelea asije akaliwa na mbwa mwitu. Tumeipitia aya hii mara nyingi katika darsa, na tunakiri kwamba kwa miaka tuliipita mbio tukikimbilia kisa cha kisimani. Huyu ni mzazi, tena ni Nabii, amesimama mbele ya wanawe wakubwa, na anawaambia waziwazi: nina huzuni, na nina hofu. Hakuvichanganya viwili hivyo wala hakuvigeuza kuwa ukali. Na baadaye, miaka ilipopita na macho yake yakapoteza nuru kwa majonzi, aliwaambia kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu peke yake.

Mwanafunzi wetu mmoja aliwahi kutuuliza swali zuri. Je, si kweli kwamba wale wanawe waliitumia hofu aliyowatajia, wakarudi jioni wakisema mbwa mwitu amemla? Ndiyo, waliitumia. Mzazi anayesema yaliyo moyoni mwake hujiweka wazi, na mtoto mwenye hila anaweza kulishika neno hilo akamchezea nalo. Hatuwezi kuificha hatari hiyo. Ila tuangalie pia kwamba Yaaqub, hata alipoletewa ile kanzu yenye damu ya uongo, hakuwarukia. Aliwaambia kuwa nafsi zao zimewapambia jambo, akashika subira. Aliyezijua hali za moyo wake aliweza kusimama katika siku ambayo wengi wetu tungevunja mlango.

Turudi sasa kwa lile la kutouliza. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba sahaba Abu Bakra, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alimwandikia mwanawe aliyekuwa kadhi huko Sijistan, akamuusia asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa amekasirika, kwa sababu alimsikia Mtume (S.A.W.) akilikataza jambo hilo. Tunapenda kukumbusha kwamba wasia huu ni barua ya baba kwa mwanawe. Na wanazuoni wa fiqhi hawakuishia kwenye hasira. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 kwa tarehe ya miladi, katika kitabu cha Minhaj kinachosomeshwa katika madhehebu yetu ya Shafii, anataja kuwa ni karaha kadhi kuhukumu akiwa na hasira, au njaa kali, au shibe iliyopindukia, na kila hali ambayo tabia yake huharibika. Wanazuoni wakataja pia kiu, usingizi mzito, hofu na huzuni, hata na mtu aliyebanwa na haja ndogo.

Basi kadhi, ambaye mbele yake wapo mashahidi na nyuma yake upo mlango wa rufaa, anatakiwa kabla ya kufungua kinywa aulize tumbo lake, usingizi wake na moyo wake. Nyumbani hakuna mashahidi wala rufaa. Baba ndiye mlalamikaji, ndiye kadhi, na ndiye mpiga viboko. Je, si yeye anayestahiki zaidi kujikagua? Na hapa tuseme la pembeni: katika mwezi wa Ramadhani, saa kumi na moja na nusu jioni, kadhi mwenye njaa huketi mahakamani katika kila nyumba ya Muislamu, na laiti kesi zote zingeahirishwa hadi baada ya futari, magereza ya nyumbani yangepungua watu. Wapishi wa futari nao watuwie radhi, kwani wao huhukumiwa pamoja na watoto.

Fedheha nayo tusiisahau, kwa sababu ndiyo inayojificha vizuri kuliko zote. Yanapotoka matokeo ya kidato cha nne, zipo nyumba ambazo mtoto aliyefeli hufukuzwa usiku huo huo. Ukimuuliza baba, atakwambia amekasirishwa na ada iliyopotea. Mkae naye kidogo barazani, msikilizeni, na mtasikia kwamba mtoto wa fulani amepata daraja la kwanza, na kwamba kesho atakapokwenda kunywa kahawa wataulizana. Kinachomuuma ni macho ya watu, wala ada hakuitaja tena. Pengine kufeli kwa mtoto kumemkumbusha kufeli kwake mwenyewe miaka ile. Lakini mtoto haelezwi hilo. Mtoto hubeba begi lake akidhani kwamba thamani yake kwa babake ilikuwa ile karatasi.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ya kuchunguza hisia ni mambo yaliyoletwa na wageni na elimu ya saikolojia. Tulisoma elimu hiyo chuo kikuu, na haikutupunguzia kitu katika dini yetu. Wenye shaka wamtazame Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliyeandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Baada ya kueleza afya ya mwili, aligeukia nafsi, akazungumzia hasira, hofu, huzuni na wasiwasi kila kimoja mahali pake, kama tabibu anavyotenganisha homa na kikohozi. Alishauri kwamba kama vile mtu mwenye afya anavyoweka dawa ndani ya nyumba kwa ajili ya dharura, ndivyo anavyotakiwa, wakati ametulia, aweke akiba ya fikra njema za kumfaa siku nafsi itakapochafuka. Hekima yake ni kwamba siku ya tukio huna nafasi ya kufikiri. Dawa hutafutwa kabla ya ugonjwa.

Mpaka hapa tumewasema zaidi akina baba, kwa kuwa sisi ni baba. Lakini yapo ya akina mama, na mengine hayasemwi kabisa. Yuko mama aliyejifungua salama, watu wakaja kumpongeza, naye ndani ya moyo wake haoni furaha. Hulia bila sababu anayoijua, hakosi usingizi kwa ajili ya mtoto tu bali hata mtoto akilala, na wakati mwingine humtazama mwanawe kama mtoto wa mtu mwingine. Hathubutu kusema, kwa sababu mama asiyefurahia mtoto ataitwaje? Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba duniani kote takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea hufikia asilimia 19.8. Huyo ni karibu mmoja katika kila watano. Basi tusikimbilie kusema kuwa ni jini, wala kwamba imani yake ni chache. Asomewe Qur'ani, ni kheri, na apelekwe hospitali, na mumewe ampokee mtoto usiku ili alale.

Moyo wa mama Mtume wetu (S.A.W.) aliuzingatia hata akiwa katika swala. Imepokewa kwamba alikuwa akianza kuswali hali ya kukusudia kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha, kwa kujua jinsi mama yake anavyoumia kwa kilio kile. Imamu akiwa mbele, mama akiwa nyuma katika safu za wanawake, hakusema neno wala hakulalamika, na swala ya jamaa nzima ikafupishwa kwa ajili ya hali ya moyo wake. Na katika Surat al-Qasas, mama yake Musa (A.S.) ametajwa jinsi moyo wake ulivyokuwa mtupu baada ya kumtia mwanawe mtoni, akakaribia kuifichua siri, lau si Mwenyezi Mungu kuutia nguvu moyo wake. Hakukemewa kwa hilo.

Sasa tufanye nini? Mafunzo ya Mtume (S.A.W.) yanajulikana: aliyekasirika na anyamaze, na akiwa amesimama na aketi, na ikiwa hasira haikuondoka na ajilaze. Tunayajua kwa ulimi. Abu Dharr, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, ndiye aliyeyapokea hayo ya kuketi na kujilaza, na imesimuliwa kwamba siku moja alipokuwa akinywesha wanyama, mtu mmoja akaliharibu birika lake la maji. Abu Dharr akaketi, kisha akajilaza hapo hapo. Watu wakamshangaa, akawaeleza alivyofundishwa. Fikirini mtu mzima amelala kando ya birika lililovunjika, maji yanamwagika! Lakini katika muda ule wa kulala, mkono haufikii fimbo, na moyo unapata nafasi ya kuulizwa: una nini?

Sisi tangu mwaka ule tuna desturi, na tunaisema si kwa kujisifu, kwani mara kadhaa imetushinda. Tukirudi kutoka mjini hatuingii ndani moja kwa moja. Tunaketi kwanza barazani, viatu tumevua, na tunajihesabia nafsi kwa maneno ya kawaida kabisa: leo fulani ametudharau, leo tumechoka, leo hatukula tangu asubuhi, tunaogopa kodi ya mwezi ujao. Kisha tunatawadha. Watoto wetu walikwisha kuizoea baraza hiyo, na wadogo wakawa wanaambizana, "Baba bado hajafika", ilhali wanatuona tumeketi. Na jambo likitukuta ndani ya nyumba na tukahisi masikio yamepata moto na sauti inapanda, tunasema: kesi hii itasikilizwa kesho baada ya Alfajiri. Kesi nyingi, Alfajiri ikifika, zimekwisha.

Limebaki swali tulioulizwa na baba mmoja baada ya darsa, akatuvuta pembeni. Alitaka kujua kama baba aliyekosea anaweza kumtaka radhi mtoto wake, na kama hilo halitamvunjia heshima. Tulimjibu kwa yaliyotupata. Baada ya maneno ya yule muadhini hatukulala. Dhulma ni dhulma, na haki ya mja haisamehewi mpaka mja mwenyewe asamehe, wala hatukuona mahali popote palipoandikwa kwamba mja huyo asiwe na miaka 11. Asubuhi, tukitoka msikitini naye, njiani tulimwambia kwamba siku ile tulikuwa na hofu amegongwa, na kwamba tulikuwa tumedharauliwa mjini, na kwamba yeye hakuwa na kosa, atusamehe.

Alinyamaza hatua nyingi. Kisha akauliza, "Baba, nani alikudharau?"